Nusu ya Goti la Marquell Pettway

Kila Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa nne kasoro robo asubuhi, Duane Thielke huyatoa nje magari mawili ya kituo cha zimamoto, hufagia sakafu na kupanga viti kumi vya kukunja mbele ya ubao. Watu kumi wa mji ule wa Wisconsin hukaa hapo kuchagua wachezaji wa ligi yao ya fantasi. Wachezaji ni wa kweli, wa futiboli ya Kimarekani, na kila yadi wanayokimbia Jumapili humpa pointi aliyewachagua. Soseji huchomwa uani, bia hukaa kwenye ndoo ya barafu, na aliyeshika mkia msimu uliopita huja amevaa kichwa cha ng'ombe cha plastiki.

Mwaka huu kichwa kilikuwa cha Verna Sobczak. Alikivaa bila manung'uniko, akakaa kwenye kiti kilichoandikwa jina la marehemu mumewe, Leland. Sheria ya ligi haina rufaa: ukishika mkia misimu miwili mfululizo, kiti chako anapewa mwingine. Kaka wa mke wa Duane alikuwa amesubiri kiti miaka sita. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni na soseji mkononi, akikitazama cha Leland, na hakuwa hata na haya ya kuangalia pembeni.

Aliyemwangusha Verna ni Marquell Pettway, mbeba mpira. Msimu uliopita alimchagua wa kwanza kabisa, na wiki ya tatu kano ya goti la kushoto la Pettway ikakatika. Verna alijua kabla ya mtangazaji, maana goti lake la kushoto lilikatika papo hapo, jikoni, akimenya viazi. Alikaa chini, akamaliza viazi, kisha akapiga simu kazini. Tangu siku hiyo goti hilo walikuwa wakilitumia wawili. Nesi wa kiwanda cha jibini alilibonyeza hapa na pale, akaandika kwenye fomu kwamba jeraha ni la mchezaji, halikutokea kazini. Baada ya wiki sita daktari wa kiwanda akaandika kwamba amepona, na Verna akarudi kwenye mashine yake akichechemea.

Kumpima mbeba mpira aliyetoka kuumia ni kazi, na Verna aliifanya kama inavyotakiwa. Alisoma kila kilichoandikwa. Pettway ana miaka ishirini na saba, ambayo kwa kazi ile ni ukongwe. Kabla ya kuumia alikuwa akipata yadi nne na nusu kila akishika mpira. Nyuma yake yupo kijana mpya anayeinyemelea nafasi yake, ila walinzi wanaomfungulia njia bado ni imara. Akishamaliza kusoma, Verna alikuwa akiyaweka magazeti kando na kwenda kwenye ngazi za ghala la chini. Machi aliweza kushuka tatu. Juni aliweza zote kumi na mbili. Julai goti likaanza kujaa maji kila Jumatano, siku ambayo timu ya Pettway hufanya mazoezi mazito. Siku tisa kabla ya siku ya kuchagua wachezaji, daktari wa timu alitangaza kwamba goti limepona asilimia mia. Siku hiyo Verna alishuka ngazi kwa makalio.

Wenzake wa ligi walimpigia simu mmoja mmoja. Goti likoje, shemeji? Baya, aliwajibu, kwa kuwa hakuwa mwongo. Walimshukuru, wakamtakia nafuu, wakalifuta jina la Pettway kwenye orodha zao.

Saa nne kamili Duane alianza kubandua majina ya mwaka jana ubaoni. Alipobandua la Pettway, goti la Verna likapona. Alilikunja na kulinyoosha mara mbili chini ya kiti, akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi kumi na moja. Ilibaki kumwacha tu yule mtu, kuchagua mwingine mwenye miguu mizima, na kiti cha Leland kisingekwenda popote.

Kwenye televisheni iliyoning'inia juu ya mipira ya kuzimia moto walikuwa wakionyesha mazoezi ya timu, moja kwa moja. Pettway alikuwa amelala kwenye nyasi, amelishika goti kwa mikono yote miwili, kwa kuwa sasa lilikuwa lake peke yake. Msaidizi alimwinua, akampiga kofi la mgongoni. Kocha akaamuru zoezi lilelile lirudiwe. Pettway akakimbia hatua nne, akaanguka, akainuliwa. Kocha akaamuru tena.

Aliyeshika mkia ndiye huchagua wa kwanza. Verna alivua kichwa cha ng'ombe ili asikike vizuri.

"Pettway," alisema.

Duane aliishusha kalamu. "Shemeji, si umetuambia mwenyewe goti ni baya?"

"Baya sana."

"Basi mchukue raundi ya kumi. Hapa hakuna anayemtaka."

"Raundi ya kumi tutaifikia saa saba mchana. Huyu anakimbia sasa hivi."

"Leland angekuwepo angekukanya."

"Leland angeshika mguu wa pili. Andika, Duane."

Duane aliandika na kubandika. Nusu ya goti ikarudi mahali pake, na Verna akaupumzisha mguu juu ya ndoo ya barafu. Kwenye televisheni Pettway alisimama bila kuinuliwa. Kaka wa mke wa Duane akaenda kujiongezea haradali, moyo wake umetulia.

Pettway alikimbia msimu ule zaidi ya alivyopata kukimbia. Magazeti yalimsifu daktari na kumpiga picha. Kocha alipoona mtu anakwenda, akampa mpira mara ishirini kwa mchezo, kisha ishirini na sita, kisha thelathini na moja. Verna alikuwa amekubali kubeba nusu. Kufika Novemba nusu hiyo ilikuwa nzito kuliko goti zima la mwaka jana. Alikasirika. Aliiandikia timu barua mbili, akieleza kwamba goti halijapona na kwamba anajua kwa kuwa nusu yake anayo yeye. Walimjibu kwa adabu, wakamshukuru kwa mapenzi yake, wakamtumia kofia. Kiwandani msimamizi alimwona bado anasimama, akamwongezea mashine ya pili.

Jumapili ya mwisho ya Desemba Duane alipiga simu. Verna alikuwa wa tatu, pointi zake hazifikiwi na wa mkiani, kiti kilikuwa salama. Kwa nini asimfute Pettway akapumzisha mguu?

"Nikimfuta, watamtoa uwanjani?" Verna aliuliza.

Duane alifikiri kidogo, kwa kuwa si mtu mbaya. "Hapana," alisema.

"Haya, basi."

Theluji ilikuwa ikianguka uwanjani. Kocha alimnyooshea Pettway kidole kwa mara ya thelathini na mbili. Kabla ya kuinama mahali pake, Pettway aliligonga goti lake la kushoto mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Verna aliligonga lake mara mbili, akashika ukingo wa meza ya jikoni.

"Karibu, mwanangu," alisema, "twende." Wakaenda yadi tisa.

Jumatatu ripoti ya timu ilisema goti la Pettway ni zima asilimia mia. Kiwanda kilikuwa na ripoti kama hiyo kuhusu Verna. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshafika katikati ya mashine zake mbili, amesimama.