Tumbusi wa Kiambere

Kajuju alikuwa amezeeka akichora ndege wa vitabuni, lakini tumbusi hakuwahi kumwona ila angani. Siku hiyo, huko Kiambere, aliwakuta wamelala wafu kuuzunguka mzoga wa mbuzi. Shemeji yake Nthiga alikuwa ameutia sumu ili amuue fisi aliyekuwa akimmalizia mifugo.

"Fisi mwenyewe hata hakuja," Nthiga alisema, macho chini. "Sikufikiria hawa, shemeji."

Kajuju alipiga magoti, akamkunjua mmoja bawa lililokuwa bado na joto, akaanza kuchora. Mchoro ukatoka mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora, naye akauonea haya. Hakuutia sahihi. Alichukua jembe, akaenda kumsaidia Nthiga kuchimba shimo.