Kicheko Ndani ya Jeneza

Watu walimwita Mzee Pole, maana neno hilo alilitoa hata kabla ya salamu. Ukimuuliza njia, pole. Ukimkanyaga mguu, pole. Alikuwa fundi wa majeneza, na uso wake mrefu ulioshuka mashavu ndio uliomlisha miaka yote, kwa sababu mtu aliyefiwa hataki kupimiwa mbao na fundi mwenye meno nje. Katika karakana yake hapakuwa na redio wala mzaha. Hata mwenye duka la viatu jirani, mtu wa porojo asiyejua kunyamaza, akipita mlangoni pale alipunguza sauti.

Lakini binadamu hakosi kilema. Kilema cha Mzee Pole kiliitwa Wazoataka wa Angani.

Kilikuwa kipindi cha vichekesho kilichoonyeshwa kwenye televisheni zamani, yeye akiwa kijana, kikafutwa hata msimu wa kwanza haujaisha. Chombo kikuukuu kinazunguka sayari hadi sayari kikizoa taka. Nahodha anaogopa giza, na huko angani kumejaa giza tupu. Mpishi hajawahi kuivisha kitu. Halafu kuna roboti mmoja mrefu, Bwana Bati, ambaye kila akiona haya huvuja mafuta. Ni upuuzi huo tu, hakuna zaidi. Watazamaji walilalamika kwamba watu wazima wanafanya mambo ya kitoto, na nafasi yake ikapewa mieleka. Siku hiyo Mzee Pole alilia, na siri hiyo hakumpa mtu.

Sasa msamaria mmoja alikuwa amevipandisha vipindi vyote mtandaoni, na fundi wetu akapata wazimu upya. Nyumbani hakuthubutu kuvitazama. Mkewe alikuwa ameshamwambia, "Mtu mzima hovyo, unachekea bati! Iko siku utaumbuka." Karakana nayo ilikuwa wazi barabarani. Basi akagundua mahali pake. Jeneza likishapigwa sponji na kitambaa, likawekwa nyuma kabisa juu ya benchi mbili, hakuna kochi linaloliweza. Mzee mzima alikuwa akijilaza humo, simu kifuani, akicheka bila kuonekana na mtu.

Mchana mmoja alikuwa humo akitazama kile kipindi cha ikulu. Bwana Bati ametumwa kumpigia saluti malkia wa sayari ya kigeni. Anaona haya, anavuja. Anateleza kwenye mafuta yake, anainuka kwa heshima zote, anasema, "Samahani, mkuu. Nimeona haya tena." Anayapangusa mafuta kwa gauni la malkia, anateleza upya. Mzee Pole alikijua kipindi hicho neno kwa neno, lakini mbavu hazikujali hilo. Alijiziba mdomo kwa kofia yake, kicheko kikamtokea puani kwa mikwaruzo, machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke.

Simu ikaingia chini ya paja. Mzee Pole akainuka, akaketi ndani ya jeneza, uso umelowa chapachapa. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo aliyejitanda kitambaa cheusi, mkononi ana uzi wenye fundo: kimo cha marehemu wake. Hakupiga ukelele. Alimtazama tu, kisha akauliza taratibu, "Fundi, ulikuwa unalia?"

Hapo angesema hapana. Angesema nina mafua, nina wazimu, chochote. Lakini aibu ikikubana, ulimi huchukua lililo karibu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kila jeneza huwa naingia kwanza, namlilia atakayelazwa humo. Pole sana."

Mwongo mkubwa! Na uongo ukikaa vizuri hivyo, hautoki tena. Yule mama alimshika mkono wenye vumbi la mbao akaangua kilio. "Basi mume wangu amepata wa kumlilia," alisema, akamwachia uzi. Ulikuwa uzi mrefu kupita kawaida.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeenea mtaa mzima. Mwenye duka la viatu alivua kofia kumsalimia. Mama mmoja asiyemjua alimbariki njiani. Kila heshima ilimchoma kama mwiba, akawa anatembea akitazama vidole vyake vya miguu. Mkewe alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimesikia unawalilia watu."

Mzee Pole alivua kofia.

"Wewe? Ulikuwa unachekea bati lako, mbele ya mtu mwenye msiba! Huna haya?"

Alikuwa nayo. Alikuwa na haya ya kumtosha yeye na ukoo wake. Chakula kilimshinda.

Kesho yake alipiga randa bila kupumzika, akapaka vanishi, akapigilia mishikio. Jeneza lilitoka zuri, refu, na hakulala ndani yake hata kidogo. Alikuwa akifunga skrubu ya mwisho mjane alipoingia peke yake.

"Shemeji yangu yuko njiani na gari na wanaukoo," alisema. "Nimewahi makusudi. Ingia umlilie, fundi, kabla hawajafika. Mimi machozi yameniishia, na wale wanakuja kutimiza wajibu tu."

"Mama..."

"Alikuwa mlinzi wa ghala, mtu mkimya. Hukumjua." Aliketi juu ya rundo la mbao. "Ujanani aliigiza kwenye televisheni. Walimvika bati kichwani, akawa roboti wa kuvuja mafuta. Watu wakamfanya kichekesho njiani, watoto wanamgongea masufuria. Kaka yake huyu anayekuja akamwambia amelichafua jina la ukoo. Basi akaacha, na nyumbani tukapigwa marufuku kulitaja jambo hilo. Sijawahi hata kukiona kipindi chenyewe. Juzi tu, pumzi zikimwishia, ndipo akaniambia: lile la kuvuja mafuta nililitunga mwenyewe. Nilidhani watacheka. Hakucheka mtu."

Bisibisi ilimdondoka Mzee Pole. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso ulio ndani ya bati lile, na sasa alikuwa amempigia mbao.

Machozi ya kweli yalimjaa. Angeweza kuingia, alie, asifiwe, na hakuna ambaye angejua. Shetani hakuwahi kumwekea jambo rahisi kuliko hilo. Lakini mficha uchi hazai, na mtu yule angezikwa akiamini kwamba hakucheka mtu.

"Mama, jana sikuwa nalia," alisema, macho chini. "Nilikuwa nacheka."

"Ukimcheka nani?"

"Mumeo."

Mjane alisimama. Mzee Pole akaendelea upesi upesi, kabla woga haujamfunga kinywa. "Nilikuwa namtazama kwenye simu, humo humo ndani. Nimemcheka tangu ujana wangu. Siku nikitoka kumpima mtoto wa mtu, mama, chakula hakipiti mpaka nimtazame yeye kwanza. Sikujua ndiye. Nikaona aibu, nikakudanganya."

"Umenidanganya na msiba wangu mkononi."

"Ndiyo, mama."

"Nikawatangazia watu wote!"

"Ndiyo, mama." Hakusema hata pole, neno lake la kila siku lilikuwa limemkimbia. Alitamani ardhi ipasuke.

Mjane alimgeuzia mgongo, akapitisha kiganja juu ya mfuniko wa jeneza, huku na huku. Barabarani gari lilisikika likipiga honi.

"Sehemu gani?" aliuliza.

"Unasemaje, mama?"

"Ulikuwa unacheka sehemu gani?"

Akatoa simu, lakini mjane alitikisa kichwa. "Sina nguvu za kumwona leo. Nionyeshe wewe."

Basi Mzee Pole, mzee wa uso mrefu, alikusanya miguu katikati ya karakana, akatoa kifua mbele, akatembea bila kukunja magoti kati ya majeneza. Akapiga saluti. Akatazama chini ya miguu yake kwa fadhaa, kama mtu aliyejiharibia mbele za watu. Akataka kuteleza kidogo tu, ila sakafu ilijaa maranda, miguu ikamtoka, akaanguka kweli, chali.

Alisikia sauti kutoka kwa mjane. Yeye mwenyewe, fundi wa vilio, hakuweza kujua ni sauti ya nini. Akainua kichwa. Mjane alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cheusi, mabega yanamtetemeka, na juu ya kitambaa macho yake yalikuwa yanacheka.

"Kuna nini hapa?"

Mlangoni alisimama shemeji, suti nyeusi, nyuma yake wanaukoo, nyuma yao mwenye duka la viatu akichungulia. "Fundi! Tumeambiwa unamlilia ndugu yetu. Mbona uko sakafuni? Shemeji, na wewe unacheka?"

Mjane alikishusha kitambaa, kicheko kikaanza kumfia usoni. Mzee Pole aliuona. Aibu ilimpanda mpaka ncha za masikio. Alikuwa na maranda nywelini, na mtaa mzima unamtazama. Neno moja tu, "nimeteleza," lingetosha kumwokoa.

Aliinuka kwa heshima zote, akajipangusa, akapiga saluti kumwelekea shemeji.

"Samahani, mkuu," alisema. "Nimeona haya tena."

Kisha akateleza, safari hii kwa makusudi, na mjane akacheka kwa sauti mbele ya ukoo mzima.