Vifungo Saba, Tundu Moja

Fundi cherehani alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekuwa chuo kikuu, akisoma uchambuzi wa hisabati. Tangu aanze somo hilo, kijana hakuweza kufungua kinywa bila kusema "ni wazi." Ni wazi kwamba chai imepoa. Ni wazi kwamba mvua itanyesha. Nyumbani wakambandika jina, Niwazi, naye akalipokea kama cheo, masikini.

Likizo moja alirudi na karatasi aliyoikunja mara nne. Mtihani wa uchambuzi ulikuwa umemwangusha. Alipewa nafasi ya kuurudia Jumatatu. Akianguka tena, au asipotokea, chuo kimekwisha. Mwenye akili zake angefungua daftari. Niwazi aliketi kwenye meza ya kukatia nguo, akamwandikia mkuu wa kitivo barua ya malalamiko, kurasa nne nzima.

"Siurudii," alimwambia dada yake. "Nikiurudia nimekubali kwamba nilikosea. Yule mwalimu ana kijicho tu. Hebu soma mwenyewe."

Fundi alisimamisha cherehani. Shule aliiacha darasa la tano, lakini kusoma anasoma. Kwenye ile karatasi ya mtihani, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Ilitakiwa: kwa kila epsiloni kuna delta. Wewe umeandika: kuna delta moja kwa kila epsiloni. Umegeuza mpangilio, na yote yaliyofuata yameporomoka."

"Hao epsiloni na delta ni akina nani?"

"Namba ndogo ndogo, dada. Ya kwanza unapewa, ya pili unaitafuta iifae ile ya kwanza. Hutaelewa. Lakini maneno si ni yale yale? Kila, kuna, kuna, kila. Ni wazi!"

"Mwalimu anasema si yale yale."

"Wewe nishonee shati jeupe la kumwendea mkuu wa kitivo. Vifungo saba. Hisabati tuachie wenyewe."

Mama yao alikuwa mlangoni na ungo mapajani. "Uchambuzi!" akasema. "Mimi nachambua mchele tangu sijaolewa. Nikikuta jiwe nalitupa. Sijawahi kuliandikia barua."

Fundi aliinuka. Alichukua futi, akampima kijana mabega na shingo. Shingo aliipima mara mbili, maana ilikuwa imesimama kupita kiasi.

Jumamosi asubuhi shati lilikuwa tayari, limepigwa pasi. Niwazi akalivaa mbele ya kioo. Kifungo cha kifuani kikaingia vizuri. Akashika cha chini yake, akapapasa upande wa pili. Akapapasa tena, juu na chini.

"Dada! Shati lina tundu moja!"

"Ndiyo. Kuna tundu moja kwa kila kifungo. Cha kwanza kinaingia hapo. Cha pili hapo hapo. Cha saba pia hapo hapo."

Niwazi alikivuta kifungo cha mwisho hadi kwenye lile tundu, shati likajikunja, kitovu kikatoka nje kuangalia kulikoni. Mama aliweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Nilitaka kila kifungo kiwe na tundu lake!"

"Ala! Kumbe si yale yale?"

Kijana alifungua mdomo aseme neno lake, akaufunga. Alitazama tumbo lake, kisha ile karatasi.

"Nilidai delta moja itoshe epsiloni zote," alisema polepole. "Hata ziwe ndogo kiasi gani."

"Sijui delta, wala sitaki kuijua. Najua tundu. Haya, iandike sawasawa."

Aliiandika kwa chaki ya kukatia, pale pale mezani: kwa kila epsiloni kuna delta. Fundi akatoboa tundu la pili. Kisha akamtaka afungue daftari, na kwa kila swali alilolimaliza bila kusema "ni wazi" alitoboa jingine. Maswali mawili aliyarudia mara tatu, huku amekaa kifua wazi kama mtu aliyeibiwa nguo mtoni. Jioni matundu yalifika sita.

"Na la kolani?"

"Hilo nitalitoboa ukirudi umefaulu. Kwa sasa acha shingo ipumue, imejikaza muda mrefu."

Jumapili akapanda basi kurudi chuoni na daftari kwapani. Barua ya malalamiko aliisahau mezani. Fundi aliikata kiolezo cha kola. Ilikuwa karatasi nzuri, nene. Ni wazi kwamba ilifaa kwa kitu.