Tanzia ya Gazka

Babu yangu Radoy hakuwahi kujifunza kusema hapana, na kwa sababu hiyo gazka yake, jipu kuukuu la jeshi, haikuwahi kupumzika. Kijiji chetu kiko juu mlimani, mahali ambapo basi lilikata tamaa zamani. Anayetaka kushuka kwa daktari wa meno, kupandisha viazi vya mbegu au kumfuata padri wa kubatiza hugonga dirisha la babu. Niliporudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ya Pasaka, nilimkuta amelala na viatu miguuni. Hakuona faida ya kuvivua.

"Laiti ingekufa tu," aliniambia. "Gari likifa, hakuna anayemlaumu dereva."

Niliyapokea maneno hayo kwa uzito unaostahili. Nikaenda maktaba ya kijiji, kwenye printa, nikatoa tanzia kama tanzia zetu zote: ukingo mweusi, msalaba juu, picha katikati. Pichani gazka ilitazama mbele kwa utulivu, turubai limelegea upande mmoja kama shavu la mzee. Chini yake niliandika:

"Kwa majonzi makubwa tunawatangazia kifo cha mpendwa wetu Gazka. Alizaliwa jeshini, akapakwa rangi ya kijani bila kuulizwa. Kwa miaka mingi alimpeleka kanali mpakani na kumrudisha, na vita haikutokea hata siku moja. Kambi ilipofungwa alinunuliwa na raia Radoy, akavishwa milango ya bati, viti vya basi, hita na rangi ya bluu. Uraiani alifanya kazi kuliko jeshini. Alibeba maharusi, ndama, jeneza la padri wa zamani na kila mwenye jino bovu. Ameacha mgane mmoja, Radoy, anayeomba asisumbuliwe."

Babu aliisoma akiwa amesimama, miwani puani, muda mrefu.

"Ndama walikuwa wengi kuliko maharusi," alisema. Kisha akatoka uani, akaifungua kabureta, akaifunga ndani ya soksi na kuisukuma chini ya kitanda. Tendo hilo nikalihesabu kuwa baraka zake. Tanzia nikaibandika langoni, dukani na kwenye nguzo ya kituo cha basi lisilokuja.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyegonga dirisha. Babu alilala mpaka jua likafika jikoni, na mimi nilitembea kwa ncha za vidole kama muuguzi.

Mchana ndipo walipoanza kuja. Nilitarajia wacheke, hakucheka mtu. Wa kwanza alikuwa Bibi Velika, jirani yetu, amefunga kitambaa cheusi na kushika sahani ya ngano ya kuchemsha iliyonyunyiziwa sukari, chakula chetu cha msibani. Alilaza maua mawili juu ya boneti, akasema binti yake alizaliwa kwenye kiti kile cha nyuma, pale chini ya kiwanda cha mbao, na hita ilikuwa nzuri sana usiku ule. Akaja Asparuh, aliyewahi kuwa mlinzi wa kambi, na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Akaimwagia tairi kidogo, akasema Mungu amrehemu. Uwanja ukajaa. Babu alikaa kwenye benchi amevaa shati safi, akipokea mikono ya watu mmoja mmoja. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa muda mrefu namna ile.

Ndipo Asparuh akauliza kilichomuua marehemu ni nini.

Babu hana mazoezi ya uongo. Alisema kabureta.

"Kabureta tu?" Asparuh aliweka glasi yake chini. "Na wewe mzee mzima umekaa hapa unapewa pole?"

Kambi ilipofungwa, lango lake lilibaki wazi kiangazi kizima, na kila nyumba ilibeba kitu bila kujua ni cha nini, maana chuma hakiachwi. Asparuh alikwenda kwake, akarudi na kabureta mpya, bado imefungwa kwenye karatasi ya jeshi yenye grisi. Bibi Velika akakumbuka kwamba kitu kama hicho ndicho kinachozuia mlango wa banda lake la kuku. Wengine wakaenda ghalani kwao. Zikaja springi, kioo cha pembeni, pampu za petroli, na mwalimu mstaafu akasukuma giaboksi nzima kwa toroli, amelowa jasho na furaha.

Babu alinitazama. Mimi nilitazama mawingu.

Asparuh alifunga kabureta mwenyewe. Gazka iliwaka kwa mkanyago mmoja, ikanguruma laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Bibi Velika alifanya ishara ya msalaba, akafuta machozi, akayachukua maua yake, na kwa kuwa mgonjwa amepona, akaomba apelekwe kesho kwa daktari wa macho. Asparuh alikuwa na saruji yake ya kupandishwa kutoka bondeni. Mwalimu naye alikuwa na jambo dogo.

"Sawa," alisema babu, kwa kila mmoja.

Walipoondoka tuliingiza vipuri ghalani, tukashindwa kufunga mlango. Babu alijilaza na viatu vyake.

"Vinatosha miaka ishirini," alisema akitazama dari. "Mimi sitoshi." Akanigeukia. "Siku ukiandika ya kwangu, Yavor, usiwaambie kilichoniua ni nini. Hawa watakuwa na kipuri chake ghalani."