Pampu Zinazorudi Hexley

Jumanne asubuhi Wilf Robson, fundi bomba mstaafu wa Hexley, kaskazini mwa Uingereza, alikuta pampu ya nne imelala juu ya liki zake, mboga za jamii ya kitunguu. Chuma chake kilikuwa bado cha moto kwa jua la huko ilikotoka, na kibao cha shaba kilisomeka vizuri: "Zawadi ya Kanisa la Hexley." Liki saba alizokuwa akizinenepesha kwa ajili ya maonyesho ya mboga ya Septemba zilikuwa zimepondeka.

"Imerudi nyingine?" jirani yake Doris aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Imerudi."

"Hii angalau imejitahidi kudumu."

Kila pampu ya mkono ambayo kanisa lilipeleka kwenye kijiji kimoja cha Afrika ilifanya kazi miaka miwili hivi, ikaharibika, ikarudi kwenye tuta la Wilf, kwa kuwa ndilo lenye udongo laini kuliko yote Hexley. Wilf aliifungua. Kama zile tatu, ilikuwa imeuawa na washa ya mpira, pete ndogo ya kuenea kiganjani. Akaweka mpya, akasukuma mpini mara sita. Maji yakatoka, ya vuguvugu, yana harufu ya udongo wa mbali.

Alasiri aliipeleka kwa toroli hadi kwenye kikao cha kamati, ukumbini mwa kanisa. Mwenyekiti, Bi Hilda Charlton, alijaza birika hapohapo kwa maji ya pampu, wakanywa chai.

"Maji matamu," kasisi alisema.

"Ni ya watu wa kule kijijini," Wilf akasema. "Sasa tupeleke washa. Sanduku moja tu, na mafundi wa kulekule wawe nazo. Wao watapata maji miaka ishirini, mimi nitapata liki zangu."

Mtu mmoja akajikatia keki.

"Wilf, mpenzi," Bi Hilda alisema, "nani atachangia kipande cha mpira? Tutapiga picha gani?"

"Na kibao tutakipigilia wapi?" kasisi akauliza. Wakacheka, hata Wilf kidogo.

"Kwani nyie mnataka maji au kibao?"

"Usituchokoze, mzee. Tunataka vyote." Kisha Bi Hilda akashusha sauti. "Pampu ya tano tulitaka kuipa jina la Nora."

Nora, mke wa Wilf, alikuwa amefariki Februari. Wanaotaka pampu mpya walipoambiwa wanyooshe mikono, wa Wilf ulinyooka wa mwisho, lakini ulinyooka. Ile ya nne wakaibakiza ukumbini, kwa ajili ya chai.

Pampu ya Nora ilirudi baada ya kufanya kazi miezi ishirini na mmoja, siku tatu kabla ya maonyesho. Safari hii Wilf hakuipeleka kwenye kamati. Aling'oa liki zilizosalia, akaisimamisha katikati ya tuta, akakipangusa vumbi kibao chenye jina lake kwa kona ya shati.

"Umeungua na jua, mama," akaiambia.

Doris alikuja kuitazama. Aliizunguka mara moja, akagusa mpini.

"Amependeza. Na ya sita je?"

"Wamesema itakuwa ya marehemu mume wako, Harold."

Doris alipima kwa macho sehemu ya tuta iliyobaki wazi.

"Basi msogeze Nora kidogo," akasema. "Harold alikuwa mtu mnene."