Pikipiki ya Mama Mkwe

Kuna watu wakila kiapo hawabakishi hata mfupa. Mama mkwe wake Kimya alikuwa mmoja wao. Siku binti yake alipoamua kuolewa na fundi pikipiki, tena fundi mwenye kucha nyeusi na mfuko mwepesi, mama alitamka mbele ya ukoo mzima kwamba hatakanyaga ndani ya nyumba yao. Akashika neno lake miaka na miaka. Alikuwa muuza mayai, na kila alipopita na pikipiki yake, trei zimefungwa nyuma, shingo aliinyoosha mbele kana kwamba upande ule wa mtaa ulikuwa bado haujajengwa.

Kiapo hicho kilikuja kupindwa na kabureta. Asubuhi moja pikipiki ilimzimikia mama palepale mbele ya gereji ya Kimya, na kuisukuma hadi kwa fundi wa ng'ambo ya barabara kulitaka kupanda kilima. Gereji yenyewe ilikuwa kibaraza cha mbele cha nyumba ileile, lakini mama alikuwa na hesabu zake.

"Hapa ni gereji," alisema, akijibwaga kwenye benchi. "Nyumba ni huko ndani. Mimi nimekuja gereji. Haya fundi, fanya kazi."

Alimwita fundi, kama ambavyo angemwita mtu yeyote aliyeshika spana. Kimya hakubisha. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu maneno yake ya siku nzima hayajazi kijiko. Aling'oa kiti, akafungua kabureta, akakuta chini ya kikombe chake mchanga laini wa kutu uliotoka kwenye tangi. Jeti, kile kijitundu kinachopitisha petroli, kilikuwa kimeziba. Alikipuliza, akakiinua kwenye mwanga mpaka akaona nukta ya anga ng'ambo ya pili, akarudisha kila kitu mahali pake. Pikipiki ikanguruma vizuri.

Wakati huohuo mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, mkono mdomoni. Hakuthubutu kusogea, asije akamkurupusha mama yake.

"Kiti cha pikipiki hii kitanivunja kiuno," mama alilalamika, bila kumtaja aliyekuwa akimwambia.

Kwa binti mtu, hiyo ilikuwa salamu tosha. Alikuwa mshonaji, na hakuwa mshonaji wa kubahatisha. Mama aliporudi kesho yake kulipa, alimkuta amekwisha kushona mto mnene wa kuvalisha kiti, wa kitambaa kizito kisichopitisha maji. Mshonaji mzembe angefunika juu na kuishia hapo. Yeye alizungusha kitambaa hadi chini ya kiti, akakikunja, akakiachia pindo pana ili kisifumuke milele. Mama aliupapasa ule mto kwa muda mrefu. Hakusema asante, ila aliondoka ameukalia.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Hazikupita siku nyingi, mama akarudi amefura. Pikipiki inakohoa, inashtukashtuka, inatoa moshi mweusi, na kila inaposhtuka mayai yanagongana. Kimya akang'oa kiti, akakiweka pembeni kwa adabu zote maana ni kazi ya mkewe, akasafisha, akarekebisha skrubu ya hewa robo kwa robo huku akisikiliza. Injini ikatulia, ikaunguruma kama paka aliyeshiba. Akakirudisha kiti, akaizungusha pikipiki mwenyewe mtaani, haikukohoa hata mara moja. Mama akapanda, akafika kwenye kona, na pale pale kwenye kona wote wakaisikia: kho, kho, kho.

Akarudi tena. Na tena. Kimya alibadilisha plagi, kwa sababu ya zamani ilikuwa nyeusi tititi, dalili kwamba injini inakula petroli nyingi na hewa kidogo. Akashusha sindano ya kabureta tundu moja, kupunguza petroli. Akapima boya, lile linalozuia petroli isifurike ndani ya kabureta. Kwenye gereji pikipiki ilikuwa malaika, kwenye kona ilikuwa mgonjwa wa kifua. Alikonda, naye hakuwa na mwili wa kukonda.

Lakini katika kurudi huko mama alikuwa akikaa kwenye benchi, na binti alikuwa akimletea chai, na chai ikaanza kuchelewa kuisha. Wiki ya kwanza waliongea habari za mayai. Baadaye wakaongea habari za watu waliokufa na waliozaa. Mguu wa mama haukuvuka kizingiti, ila benchi lilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

"Usiitengeneze haraka," mkewe alimnong'oneza siku moja wakila. "Ikipona, hatakuwa na la kumleta."

Kimya alimeza tonge bila kutafuna. Fundi kuambiwa asitengeneze ni sawa na mpishi kuambiwa aunguze. Na jina lake je? Mtaa mzima ulikuwa ukihesabu safari za mama mkwe na kucheka. Isitoshe, yeye hakuwa akichelewesha chochote. Alikuwa ameshindwa, na hilo hakuweza kumwambia hata mkewe.

Mama akaja mara ya mwisho na trei nzima imegeuka uji wa manjano.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, "leo ndiyo leo. Ikikohoa tena kwenye ile kona, kuanzia kesho naipeleka kwa yule wa ng'ambo. Na huku hamtaniona."

Mkewe akaweka kikombe chini. Kimya aling'oa kiti, akaanza upya. Alipomaliza alikirudisha kiti, akaisimamisha pikipiki kwa stendi, akawasha, akaiacha ingurume. Haikuwa na kasoro. Mama, ambaye subira hakuumbiwa, akaipanda palepale ikiwa juu ya stendi, akakaa kwa uzito wake wote.

Sauti ya injini ikashuka.

Kimya akainua kichwa.

"Mama, hebu shuka."

Mama akashuka. Sauti ikapanda.

"Hebu panda tena."

Akapanda. Injini ikakohoa, moshi mweusi ukatoka.

"Shuka."

"Wewe! Unanifanyisha mazoezi?"

Ni nani katika ulimwengu huu amewahi kumweleza mama mkwe wake jambo kama lile na akapona? "Tatizo, mama," Kimya alisema, "ni... ni ukikaa."

Mpita njia mmoja aliyekuwa akicheka aliacha.

"Unasema mimi ni mzito."

"Sijasema, mama."

"Umesema!"

"Injini ndiyo imesema," alijibu Kimya, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia. "Kaa tena, nakuomba. Usisogee."

Alichuchumaa, akageuza uso upande wa ukuta kwa heshima, akaingiza vidole chini ya kiti kama anayetafuta sindano gizani. Akapagusa. Pindo la ule mto, lile pana lililokunjwa kwa umakini, lilikuwa limeshuka kwa uzito na kunyonywa likabana mdomo wa mpira unaovuta hewa. Pikipiki ilikuwa ikinyongwa. Yeye kila alipoitengeneza aling'oa kiti kwanza, na alipoijaribu, wembamba wake haukuushusha ule mto hata kidogo.

Alimwona mkewe akimtazama kutoka mlangoni, na akaelewa kwamba akilisema hili, jina lake litasafika na moyo wa mkewe utachafuka.

"Ni mpira wa hewa," alisema. "Umejikunja. Kosa langu."

Mama hakuwa mjinga. Alishuka, akapitisha mkono wake mwenyewe mlemle, akavuta ncha ya kitambaa. Akaitambua. Binti yake naye akaitambua, machozi yakamjaa hapohapo.

"Ni mto wangu," alisema. "Muda wote huu nimekuvunjia mayai mimi. Nikajua nakupumzisha kiuno." Akaja mbio, akaushika ule mto kuung'oa.

"Uache!" mama alifoka. "Nimesema uache. Unafikiri sina pua? Juzi niliuvua nikaenda sokoni bila huo mto, pikipiki ikakimbia kama iliyotoka kiwandani jana. Nikauvalisha tena."

"Kwa nini, mama?"

Mama alitazama barabarani. "Mwanangu kanishonea kitu baada ya miaka yote hiyo, halafu nikivue? Lile la ng'ambo lilinitoka kwa uchungu wa mayai tu. Na nikija huku nije kusema nini?"

Binti alijifuta uso kwa kanga, akajikaza. "Hautavuliwa. Nitakata pindo, nishone upya kwa kubana. Ila ni mzito, cherehani peke yake haiumudu. Lazima mtu anishikie upande wa pili." Akautazama mlango wa ndani. "Na cherehani iko ndani."

Kimya aling'oa kiti, akauvua mto, akampa mkewe upande mmoja. Upande wa pili ulining'inia. Alijua angeweza kuushika yeye, lakini akainama na kujifanya anatafuta spana chini ya benchi, akaitafuta sana.

Alipoinuka, kibaraza kilikuwa kitupu. Ndala za mama zilikuwa zimevuliwa mlangoni.

Akazima injini ili asikie. Ndani cherehani ilianza, ikasimama, ikaanza tena. Mama alikuwa akisema uzi huo ni mwembamba, binti akisema unatosha, wakabishana kama watu wasiowahi kuachana hata siku moja. Kimya alifuta uso kwa tambara la mafuta, akajipaka weusi mpaka masikioni.

"Mkwe!" sauti kubwa ikamwita kutoka ndani. "We mkwe! Huku kwenu mgeni anakaa wapi?"

Kimya aliweka spana chini.

"Popote, mama," alijibu. "Kaa popote."