Mwambie Nesi

Katika chumba cha mazoezi cha chuo kulikuwa na sanamu ya plastiki, kubwa kama mtu mzima, ambayo wanafunzi wa uuguzi waliibatiza jina la Mama Plastiki. Walimchoma sindano mpaka paja likawa kama chujio, na hakuna aliyewahi kumwomba radhi isipokuwa Owori. Owori, kabla ya kumgusa, aligonga kidogo kwenye chuma cha kitanda na kusema, "Mama, naomba nikugeuze." Kisha alimfunika shuka gubigubi, akafunua pale tu pa kufanyia kazi, mahali pasipozidi kiganja. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alitazama saa yake na kumkata alama kwa kuchelewa.

"Owori, huyu ni plastiki," alimwambia.

"Najua, madam. Lakini mikono yangu haijui."

Mwaka wa mwisho alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali moja ya Tororo, wodi ya wanawake waliovunjika mifupa. Wanafunzi wa kike wote walikuwa wamepangiwa wodi ya wazazi, na huko walikuwa hawapumui. Msimamizi wa wodi, Sista Atai, mwanamke mkali ambaye moyo wake laini aliuficha mbali sana, alimkabidhi vitanda vya upande wa dirisha. Kwenye kitanda cha kwanza alilala mama mmoja wa makamo aliyeteleza shambani kwake Mulanda, kikapu cha mihogo kichwani, paja likavunjika. Mguu wake ulikuwa umefungwa kamba na kuvutwa kwa mawe ili mfupa ukae sawa. Alipoinua macho na kumwona Owori, alijitupia leso usoni kama aliyeona moto.

Owori naye alirudi nyuma mpaka akagonga toroli la dawa. Yule alikuwa Kevina, mama mzazi wa Joanita, na Joanita ndiye mke wa Owori.

Asiyetoka sehemu zile atacheka. Acheke, lakini aelewe. Kwao Wajopadhola, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na kugusana ndiyo usiseme. Wakikutana njiani, mmoja huingia mihogoni mpaka mwenzake apite. Wala si chuki, ni heshima iliyopita kipimo. Katika miaka yote ya ndoa yake, Owori alikuwa amemjua mama huyu kwa pindo la gomesi yake, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, na kwa sauti yake nyuma ya mlango, basi. Leo anaambiwa amwoshe mgongo.

Alimkimbilia Sista Atai. Sista hakuinua hata kichwa.

"Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Na nesi mwingine wa kukupa sina. Asubuhi nitamgeuza mimi, mchana na jioni ni wewe."

Joanita angekuja kumuuguza mama yake, lakini alikuwa amejifungua kwa upasuaji juma lile lile, na hata kuinuka kitandani kwake kulikuwa shughuli. Binti mwingine Kevina hakuwa naye.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Edah, Mkenya, muuza viatu vya mitumba wa Busia. Alikuja Tororo kuona wateja, bodaboda ikamgonga, na sasa mguu wake mzima ulikuwa ndani ya plasta. Mdomo haukuguswa na ajali. Huyo ndiye ambaye Mungu alimleta awe daraja.

"Edah, ambia ule nesi," Kevina alisema chini ya leso yake, "Sista nageuza mimi asubuhi. Imetosha."

Edah aligeuza shingo. "Nesi, umeskia? Anasema ametoshwa."

"Mwambie mama nimesikia," Owori alijibu, akapita upesi, na pumzi ikamshuka.

Kumbe yule mama alikuwa na akili zake. Mchana na jioni alimtuma Edah amwambie Owori kwamba Sista amemgeuza. Asubuhi, Sista alipofika, alimwambia kwamba kijana amewahi na kumgeuza alfajiri, tena vizuri sana. Sista, mwenye wagonjwa tele na mikono miwili, alishukuru na kupita. Owori naye hakuuliza mara ya pili, kwa sababu jibu lile lilimfaa. Kevina alilinda heshima yake, Owori akalinda yake, na kilichobaki bila mlinzi ni mgongo wa Kevina.

Aliyefichua siri ni Edah.

"Nesi, kuja hapa. Mimi nimeuza mitumba tangu niko msichana, harufu ya kiatu naijua. Hapa kuna kitu kinaoza, na si kiatu."

 Owori aliitambua harufu ile. Kidonda cha kulalia alikuwa amekisoma na kukijibia mtihani. Alijua kwamba kinaanza kama wekundu tu, kisha kinakula nyama mpaka mfupani, na sumu yake ikiingia kwenye damu, mtu aliyekuja na mguu uliovunjika hurudi kwao ndani ya sanduku. Aliyajua yote hayo, na bado alikuwa amepita kitanda kile siku baada ya siku akishukuru Mungu kwa kuepushwa na aibu. Angemtazamaje Joanita? Angemwambia nini, kwamba mama yako alikufa kwa heshima?

Sista Atai alikuwa amempeleka mgonjwa chumba cha upasuaji, na haikujulikana angerudi lini. Owori alinawa mikono, akajaza beseni maji ya uvuguvugu, akavuta pazia la magurudumu mpaka likazunguka kitanda.

"Edah, ambia yeye aende!" Kevina alipaza sauti. "Wacha mimi nakufa na heshima yangu."

"Kevina, mficha uchi hazai," Edah alisema kutoka upande wa pili wa pazia. "Na wewe umeshazaa, tena umezaa bibi ya huyu. Sasa unaficha nini?"

Kevina alianza kulia, kilio kidogo cha mtu asiyetaka kusikika. Owori alitamani kukimbia. Badala yake aligonga chuma cha kitanda taratibu, kama alivyozoea.

"Dada Edah, mwambie mama abaki na leso yake usoni. Nitafunua kiganja kimoja tu, pale penye kidonda. Kwingine kote kutabaki chini ya shuka. Akisema basi, naacha. Na mwambie nimekosa. Ilinipasa niulize mara ya pili, nikaogopa."

Edah hakuhitaji kurudia, lakini alirudia yote, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza hakuongeza lake.  Kisha mkono wa Kevina ukatoka chini ya shuka, ukashika chuma kinachoning'inia juu ya kitanda, akajivuta mwili juu kidogo. 

Owori alifanya kazi polepole, kwa upole ule ule uliomkosesha alama. Kidonda kilikuwa na upana wa kifuniko cha soda, kingo zimeanza kuwa nyeusi, lakini mfupa haukuwa umefikiwa. Alikisafisha kwa maji ya chumvi, akakausha, akafunga, machozi yakimtiririka mpaka ndani ya barakoa. Yalikuwa machozi ya aibu na ya shukrani pamoja. Alipomaliza aliinyoosha shuka, akasema, "Mwambie mama tumemaliza," akatoka na beseni lake.

Sista Atai aliporudi, Owori alimweleza kila kitu. Alikaripiwa mpaka masikio yakawaka, na Sista akajikaripia na yeye mwenyewe kwa sauti ile ile. Tangu siku hiyo Sista alikuwa akienda kusimama kando ya pazia Owori akifanya kazi. Saa yake aliiacha mfukoni, asimhesabie dakika kama yule mwalimu.

Kidonda kikaanza kurudisha rangi. Siku moja, katikati ya kuoshwa, sauti ikatoka chini ya leso bila kupitia kwa mtu.

"Nesi, leo maji ni baridi."

Edah nusura aanguke na plasta yake. Owori alikwenda kuongeza maji ya moto. Jioni ile alivua sare, akavaa shati lake, akarudi wodini kuacha chupa ya uji uliotumwa na Joanita. Kevina alipomwona na shati, alijifunika na kugeukia dirishani. Owori aliweka chupa kwa Edah, akatoka kinyumenyume. Basi wote watatu wakaelewa kwamba wodini mle kulikuwa na vijana wawili, nesi mwenye sare na mkwe mwenye shati. Nesi aliongeleshwa, hata akalalamikiwa kuhusu yule mwenzake.

"Nesi, mkwe yangu ni mtu mzuri," Kevina alisema siku nyingine, "lakini nywele nanyoa vibaya."

"Na wewe umemwona wapi?" Edah aliuliza. Leso ilitikisika kwa kicheko.

Mgongo ulipopona, mguu ukapasuliwa na kuungwa, na siku ya kwenda nyumbani ikafika. Opendi, kaka yake Joanita, alikuja na gari la kukodi na jogoo mwekundu kwapani. Owori hakuwa zamu. Alisimama nje ya mlango wa wodi na shati lake, amegeukia ukuta.

"Edah, ambia mkwe yangu," Kevina alisema, akiegemea magongo yake, "hapa kuna nesi moja. Huyu jogoo ni yake. Mimi sijui nyumba yake, lakini yeye najua. Apeleke. Na ambia yeye asikule njiani."

Edah alikuwa ameshajiziba mdomo kwa shuka. Opendi akamtia jogoo mikononi mwa Owori kwa nyuma.

"Mwambieni mama nitamfikishia," aliuambia ukuta.

Magongo yakaja yakigonga sakafu, yakasimama karibu na mgongo wake.

"Tena ambia nesi," Kevina alisema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo Edah asingeweza kuisikia, "yeye ameosha mimi siku zote hizo, na hajaona mimi hata siku moja."

 Owori alishuka barazani na jogoo wake, akaingia kwenye nyasi, akasimama huko amegeuka mpaka mama mkwe wake akapita.